Mlinzi wa Pipa la Uhuru

Nchi ninayoisimulia haipo popote, na wananchi wake wenyewe wameshasaini fomu kukubali kwamba haipo. Kwa hiyo msomaji akiona jambo la nchi hiyo linafanana na jambo la kwao, ajue ni macho yake tu, aende hospitali akapimwe.

Nchi hiyo ilikuwa na kiwanda cha mvinyo cha kihistoria. Mapadri wa zamani walikijenga kwenye mteremko wa mashamba ya zabibu, serikali ikakichukua wiki ile ile ya Uhuru, na tangu hapo kikawa cha kihistoria, maana hakikutengeneza kitu tena. Chini yake lilipita handaki refu lenye baridi, mapipa ya mbao yamepangwa safu mbili, na mwisho kabisa wa handaki lilikaa pipa moja kubwa kama chumba cha kulala. Hilo ndilo Pipa la Uhuru. Lilijazwa siku bendera ilipopandishwa, na kila mwaka Mkuu wa Nchi aliwakumbusha wananchi katika hotuba yake kwamba limejaa mpaka kwenye kizibo. Wananchi walipiga makofi. Wengi wao hawakuwahi kuonja mvinyo, lakini inatia moyo kujua kwamba mahali fulani nchini kuna kitu kimejaa.

Sasa ikatokea Waziri wa Utalii na Furaha akasafiri ng'ambo, akalala kwenye hoteli yenye picha ukutani. Picha ilionyesha watu walioshiba wakitembelea kiwanda cha mvinyo na mbwa wao. Waziri aliitazama picha ile siku tatu, akarudi na waraka. Kifungu cha kwanza kilisema kwamba mgeni yeyote wa Kiwanda cha Kihistoria atafuatana na mbwa, na asiye na mbwa hatahesabiwa kuwa amefika. Kifungu cha pili kilisema kwamba mbwa akiwa ndani ya Kiwanda hatakemewa, hatavutwa wala kufukuzwa, kwa kuwa ni mgeni wa taifa.

Watalii kutoka ng'ambo hawakuja. Ndipo wananchi wakaagizwa kuwa watalii wao, mtaa kwa mtaa, kwa kadi za mwaliko. Na mwaliko, katika nchi hiyo, ulikuwa unaletwa na askari wawili. Watu waliazimana mbwa. Kijiji kimoja kilikosa kabisa, kikapeleka mbuzi aliyefungwa kitambaa masikioni, naye akaandikishwa getini kama mbwa wa milimani.

*

Kadi ya Bi Perpetua Mahinyila, mshonaji wa sare za shule, ilifika Jumanne asubuhi. Alipoiona mihuri yake mitatu, alikaa juu ya kitambaa alichokuwa anakikata. Si kwamba hakuwa na mbwa. Mbwa alikuwa naye, Kizibo, mbwa wa rangi ya kahawia mwenye sikio moja lililolala. Shida ni kwamba Kizibo hakuwa wake. Alikuwa wa kaka yake Gervasi, na Gervasi alikuwa hajulikani aliko kwa siku ya tisa.

Gervasi alikuwa mgonga mapipa wa kiwanda kile kile. Kazi yake ilikuwa kupita kila Jumatatu na nyundo ndogo ya mbao, kugonga kila pipa juu, katikati na chini, na kusikiliza. Pipa lililojaa hutoa sauti nzito, fupi. Pipa tupu hulia kama ngoma. Kwa miaka kumi na tisa aliyagonga yote isipokuwa Pipa la Uhuru, kwa sababu ilikatazwa. Kuligonga ni kulitilia shaka. Halafu Jumatatu moja akili yake ikiwa mbali, mkono ukajiendea wenyewe kwa mazoea, ukagonga. Pipa la Uhuru likalia kama ngoma, handaki zima likaitika.

Mtu mwenye busara angekohoa akaendelea na safari. Gervasi alikuwa mtu wa kazi yake. Alikwenda ofisini akachukua kitabu cha taarifa, akaandika: "Nimeligonga. Ni tupu." Akatia saini na tarehe.

Mchana ule ule akatangaziwa Likizo ya Heshima. Hii ilikuwa zawadi kubwa sana. Gari lilikuja kukuchukua, na wote waliowahi kuipata waliifurahia kiasi kwamba hakuna aliyerudi. Lakini gari lilipofika, mwenye likizo hakuonekana. Watu wa Idara ya Utulivu walikuja kwa Perpetua mara mbili kumuuliza, kwa upole mwingi, kwa nini kaka yake hataki kupumzika. Perpetua aliwajibu kwamba hajui, na kweli hakujua. Hakujua kama yuko msituni au mtoni, au kama wao wenyewe wanajua aliko na wanakuja tu kumtazama yeye uso.

Siku zote tisa hakugusa kikombe cha Gervasi. Kilikuwa mezani, kimeoshwa, kimefutwa, kimefudikizwa mdomo chini, kama alivyokiacha asubuhi ile. Ndiyo ilikuwa tabia yake. Vyombo vya handakini vikiachwa wazi huingiwa na vijidudu vya siki, basi Gervasi akawa hawezi kuona chombo bila kukiosha na kukifudikiza: vikombe, sahani, sufuria, hata bakuli la mbwa. Alifanya hivyo kwa jirani akialikwa chakula. Alifanya hivyo msibani. Perpetua alikuwa anamcheka, na sasa alikuwa anakitazama tu kikombe kile.

Nyuma ya kadi kulikuwa na fomu ya mbwa. Iliuliza jina lake, ukoo wake, na kama amewahi kubweka mbele ya msafara wa kiongozi. Perpetua aliandika kwamba hubweka kwa wastani.

*

Siku ya ziara walikuwa wageni kumi na wawili na mbwa kumi na wawili, mmoja wao akiwa na pembe. Mkurugenzi wa Kiwanda, Bwana Tarasisi, aliwapokea mwenyewe, amevaa suti, jasho likimtoka ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi. Aliwanong'oneza kwamba wana bahati, kwani Mheshimiwa Waziri ameamua kuungana nao leo hii, bila kutoa taarifa, ili aone utalii kwa macho yake.

Waziri alikuwa mtu mfupi mwenye fimbo. Mara moja Perpetua aliona kitu ambacho mshonaji huona haraka, maana kazi yake ni kutazama miili: kila mbwa alipomsogelea, Mheshimiwa aliukaza mguu wa suruali yake na kurudi nusu hatua. Alikuwa anaogopa mbwa. Aliyeandika waraka wa mbwa alikuwa anaogopa mbwa, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Walishuka handakini. Bwana Tarasisi alieleza historia ya kila pipa, na baada ya kila pipa wageni walipiga makofi matatu kama ilivyoelekezwa kwenye kadi. Perpetua alipiga makofi yake huku ameizungusha kamba ya Kizibo mkononi mara tatu. Hapa ndipo Gervasi alipotembea kila Jumatatu. Alijaribu kutofikiri hivyo, kwa sababu alihisi mtu akimtazama angeona anachofikiri.

Katikati ya handaki Kizibo alisimama. Pua ilipanda juu. Kisha akavuta, si mvuto wa mbwa anayetaka kucheza, mvuto wa mbwa anayeitwa, na kamba ikamchoma Perpetua viganja ikamtoka. Mbwa akakimbia hadi mwisho, akapita chini ya kamba nyekundu ya kuzuia wageni, mpaka kwenye Pipa la Uhuru. Pipa lile lilikuwa na kijilango mbele kwa chini, kadiri ya mtu kupita kwa kutambaa, ambacho zamani waosha mapipa walikuwa wanaingilia. Kizibo alijilaza mbele ya kijilango, akaweka pua kwenye ufa, akaanza kulia taratibu, mkia ukipiga sakafu.

Perpetua alimfikia wa kwanza. Alipoinama kuishika kamba, sikio lake likiwa karibu na mbao, akasikia kitu ndani. Kugonga mara mbili, polepole. Kimya. Kisha mara moja. Hivyo ndivyo Gervasi alivyogonga mlango wa nyumbani tangu wakiwa wadogo.

Alitaka kulia, alitaka kucheka, alitaka kuukumbatia ubao ule, na juu ya yote alitaka yule mpumbavu wa kaka yake asigonge tena. Sasa alielewa. Gervasi alikuwa amejificha mahali salama kuliko pote nchini, ndani ya pipa ambalo serikali imesema limejaa. Nani angethubutu kwenda kumtafuta mtu mle?

Hatua za Waziri zilikuwa zinakaribia. Ndani ya pipa mkono ulikwaruza, ukijiandaa kugonga tena. Perpetua alisimama wima, akafanya jambo moja tu lililomjia kichwani. Akaanza kuimba wimbo wa taifa.

Katika nchi hiyo, wimbo wa taifa ukianza, kila mtu husimama imara alipo mpaka uishe, na kusema neno ni kosa la jinai. Waziri alisimama imara, mguu mmoja hewani. Wageni walisimama. Perpetua aliimba beti zote kumi na moja, hata ule wa saba unaosifu barabara, akiuimba kwa nguvu kwenye ufa wa kijilango ili aliye ndani ajue kwamba nje kuna serikali. Ndani pakawa kimya.

*

Wimbo ulipoisha Waziri alimpongeza kwa uzalendo. Kisha akamgeukia Mkurugenzi, akasema amependezwa, na angependa kuligonga Pipa la Uhuru, si kwa shaka bali kwa heshima, mara moja.

Msomaji amwonee huruma Bwana Tarasisi. Yeye ndiye aliyelimaliza pipa lile, akisaidiwa na Kamati ya Kulihifadhi, katika vikao vya miaka saba. Alijua lingelia kama ngoma, na alijua ngoma hiyo ingepigwa kwenye mazishi ya nani. Alisema kwamba nyundo imepotea. Waziri akasema atatumia fimbo.

Perpetua alifumba macho. Fimbo iligonga, ko, sauti nzito, fupi, ya pipa lililojaa.

Gervasi alikuwa amegonga mapipa miaka kumi na tisa. Alijua mgeni hugonga wapi, akaegemeza mgongo wake wote hapo hapo. Perpetua alilielewa hilo baada ya kupumua. Bwana Tarasisi hakulielewa. Alilitazama pipa alilolinywa mwenyewe mpaka mashapo, machozi yakamlengalenga, na kwa mara ya kwanza tangu aingie kazini akaanza kuamini kwamba inawezekana serikali haisemi uongo.

"Limejaa," alisema Waziri. "Basi nipe glasi, nionje."

Glasi ililetwa. Koki ya shaba ilikuwa juu kidogo ya kijilango, na chini ya koki alilala Kizibo. Mkurugenzi alipopiga hatua, mbwa aliinua mdomo akaonyesha meno, yote, taratibu, bila kelele. Waziri alipopiga hatua, mbwa alianza kuunguruma. Mheshimiwa akashika mguu wa suruali yake.

Mmoja wa askari alishika rungu. Perpetua aliliona rungu lile na hofu ikamgeuka ikawa ulimi.

"Mheshimiwa," alisema, "kifungu cha pili. Mbwa ni mgeni wa taifa, hakemewi wala havutwi. Mimi sikukisoma vibaya, naamini, maana mlikiandika wenyewe."

Kumwambia Waziri alichokiandika ilikuwa hatari. Lakini Mheshimiwa alikuwa katika hali ya mtu anayetafuta mlango, na hapa mlango umefunguliwa. Alirudi hatua mbili za heshima, akakohoa, akahutubia.

Alisema kwamba amezunguka dunia na hajawahi kuona mbwa wa namna hii. Alisema wako binadamu katika utumishi wa umma, hatawataja, ambao wangelikimbilia koki. Mbwa huyu ameilinda hata dhidi ya Waziri wake. Kwa mamlaka aliyopewa anamteua kuanzia leo kuwa Mlinzi wa Pipa la Uhuru, kwa cheo cha Mkaguzi Msaidizi, akae hapa hapa, apewe maji na sahani ya ugali na nyama kutoka jikoni kwa watumishi, asubuhi na jioni. Wageni walipiga makofi matatu. Mbuzi naye alisema neno.

Kumwacha Kizibo kulimuuma Perpetua. Lakini ugali na nyama, asubuhi na jioni! Gervasi alikuwa zaidi ya siku tisa kwenye zabibu kavu na maji ya bomba, kama alikuwa hata na hizo. Akajikaza tena.

"Ana haya huyu, Mheshimiwa," alisema. "Hali akitazamwa. Akiwekewa sahani, watu watoke, mlango ufungwe kabisa. La sivyo atakufa na njaa, na ni mteule wako."

Waziri alisema kuona haya ni sifa njema kwa kiongozi, iandikwe. Ikaandikwa. Perpetua aliinama kumkuna Kizibo shingoni, na kwa kucha moja, kwa siri, akagonga ubao mara mbili, kisha mara moja.

Getini askari alitazama daftari lake. Aliyeingia na mbwa alipaswa kutoka na mbwa. Alimuuliza mbwa wake yuko wapi.

"Ameteuliwa," alisema Perpetua.

Askari alipiga saluti, akamfungulia geti.

*

Siku sita zilipita. Siku ya saba asubuhi mtu alibisha hodi, na Perpetua alipofungua alikuta bwana mmoja aliyevaa sweta la kufumwa, mpole, mwenye bahasha. Alikuwa wa Idara ya Utulivu. Hakuwa mmoja wa wale wawili wa mwanzo. Alikaribishwa akakaa, akasifu usafi wa nyumba, akavitazama vitambaa vya sare, kisha macho yake yakaenda mezani na kukaa kwenye kikombe kilichofudikizwa.

Perpetua aliona macho yalikokwenda.

Yule bwana alisema kwamba Mkaguzi Msaidizi anaendelea vizuri na kazi. Idara inafurahi. Kuna jambo dogo tu ambalo wapishi wameliandika kwenye taarifa. Sahani inapelekwa, mlango unafungwa, na baada ya saa moja mpishi akiirudia sahani anaikuta imeoshwa kwa maji ya kunywa ya mbwa, imefutwa, na imefudikizwa sakafuni. Kila siku, mara mbili.

"Idara ingependa kujua," alisema, "nani alimfundisha mbwa kuosha sahani."

Perpetua alimlaani kaka yake kimoyomoyo kwa maneno ambayo mama yao hakuwafundisha. Umejificha kwenye pipa, nchi nzima inakutafuta, na bado huwezi kuona sahani chafu. Alijua akisema hajui, leo hii mtu atachungulia mlangoni mwa handaki. Alijua pia kwamba akijibu, jibu litabaki kwenye bahasha ile na jina lake juu yake, na bahasha za Idara hazipotei. Aliogopa kama hajawahi kuogopa.

"Mimi," alisema.

Yule bwana alitoa kalamu. Akamwomba aonyeshe.

Perpetua alichukua sahani, akaiosha mbele yake, akaifuta, akaigeuza. Ilimchukua muda, maana ilikuwa ikigonga beseni kila alipoishika. Bwana wa sweta alitazama hadi mwisho, akauliza mbona anatetemeka.

"Ni mara yangu ya kwanza kufundisha mbele ya serikali."

Jibu hilo lilimridhisha. Aliandika mistari miwili, akampa Perpetua asaini kwamba mbwa ni mwanafunzi wake na lolote litakalogundulika kuhusu usafi wa mbwa huyo ni juu yake yeye mwenyewe. Perpetua alisaini. Mlangoni yule bwana aligeuka, akakitazama tena kile kikombe, akasema nyumba yenye nidhamu huonekana. Kisha akaenda zake, na Perpetua akakaa sakafuni kwa muda mrefu.

*

Waraka mpya ulitoka wiki iliyofuata. Waziri alieleza redioni kwamba Mkaguzi Msaidizi ameonyesha njia, na kwamba ni aibu mbwa wa serikali kuosha sahani wakati mbwa wa wananchi wanakula na kuondoka. Mbwa wote walipewa mwezi mmoja wawe wamejifunza. Wakaguzi wangepita nyumba kwa nyumba, na sahani ya mbwa itakayokutwa wazi, mwenye mbwa atapewa Likizo ya Heshima.

Majirani walimjia Perpetua na mbwa wao, nyuso zimesawajika, wakimsihi Mwalimu awasaidie. Mama mmoja alilia. Mbwa wake alikuwa mzee na haoni. Perpetua aliwaangalia akaona hofu ile ile aliyokuwa analala nayo, na ikamuuma kwamba yeye ndiye aliyewaletea. Akawaambia kwa sauti ya chini kwamba mbwa hujifunza vizuri zaidi ikiwa mwenyewe ataosha kwanza, kila asubuhi, mapema, kabla wakaguzi hawajapita. Walimwelewa. Baada ya mwezi mmoja hapakuwa na ua katika nchi hiyo ambako sahani haikuoshwa, haikufutwa wala haikufudikizwa, na Waziri akatangaza ushindi wa asilimia mia.

Kwa kuwa wananchi walikuwa wakiuliza habari za Mlinzi, au kwa kuwa waliagizwa waulize, redio ya taifa ilianza kutoa taarifa yake kila siku saa moja asubuhi, mara tu baada ya wimbo wa taifa. Ilikuwa fupi. Wananchi wengi walikuwa wanaisikiliza wakiwa wanasuuza sahani.

Perpetua aliisikiliza amesimama, mkono kifuani, karibu na meza yenye kikombe ambacho bado hakukigusa. Kila asubuhi wimbo ulipokuwa unaisha alihesabu hofu zake: leo wamefungua kijilango, leo Mkuu wa Nchi ametaka kuonja, leo Gervasi amekohoa. Alisubiri mpaka mtangazaji apange karatasi zake.

"Mlinzi wa Pipa la Uhuru," alisema mtangazaji, "amekula akamaliza. Sahani imefudikizwa."

Ndipo Perpetua akavuta kiti, akakaa, akapumua. Pumzi hiyo ilimtosha mpaka kesho saa moja.